FUNDI WA NYUMBANI: Kombi ya Kabureta Mbili – Harufu Itafutwe Kwanza, Bisibisi Ishikwe Baadaye

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya moto wa gari aghalabu ni harufu. Wenye Kombi za zamani huko Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, hupeleka magari yao gereji kwa neno moja: "Fundi, gari linanuka petroli, rekebisha kabureta." Fundi hufungua kifuniko cha injini, huzungusha skrubu mbili tatu, injini hutulia na kutoa mlio mtamu, na mwenye gari hulipa na kwenda zake. Kesho yake harufu iko pale pale. Wala si ajabu, kwa kuwa harufu na mlio wa injini ni mambo mawili mbalimbali, na kazi zake ni mbili. Petroli inayovuja haiponi kwa kuzungusha skrubu. Tena, fundi anayerekebisha kabureta juu ya mpira unaovuja anaifanya kazi yake karibu na cheche, huku mvuke wa petroli umemzunguka.

Utaratibu ulio sahihi ni huu: kwanza harufu itafutwe mpaka chanzo chake kionekane kwa macho, pili chanzo kizibwe, tatu plagi, pointi na vali ziwekwe sawa, na mwisho kabisa ndipo kabureta zirekebishwe. Mwenye kuufuata utaratibu huo ataokoa fedha, na huenda akaokoa na watu.

Kombi zenyewe

Kombi ya Volkswagen ilianza kutengenezwa Ujerumani mwezi wa Machi 1950. Katika Afrika ya Mashariki gari hilo lilibeba watalii, wanafunzi, wagonjwa, maiti na mizigo ya sokoni, na katika miaka ya 1970 Kombi ziliunganishwa papa hapa jirani, katika mji wa Thika, Kenya. Sifa ya injini hizi zinazopozwa kwa hewa ilikwisha kujengwa na ndugu yake mdogo, yule "Kobe" ambaye mwaka 1962 alishinda mashindano ya Safari, wakati njia ya mashindano hayo ilipokuwa ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kombi nyingi zilikuwa na injini ya 1600 yenye kabureta moja. Lakini kuanzia magari ya mwaka 1972, kiwanda kilitoa pia injini kubwa zaidi: kwanza ya 1700, kisha ya 1800, na baadaye ya 2000. Injini hizo zilipewa kabureta mbili aina ya Solex, moja kila upande. Ya kulia hulisha silinda namba 1 na 2. Ya kushoto hulisha namba 3 na 4. Msomaji na aliweke jambo hilo moyoni, maana litamsaidia sana mbele. Ziko pia Kombi zilizobadilishwa na mafundi, zikafungiwa kabureta mbili za aina nyingine. Vipimo vya hizo vyaweza kutofautiana, lakini njia ya kuzichunguza ni ile ile.

Pua ya mpakani

Busia ndio mji uliolipa eneo zima neno "bodaboda", kutokana na waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka. Hata baada ya vituo vya mpakani kuunganishwa na kufunguliwa rasmi tarehe 24 Februari 2018, mji haukuacha kuishi na mafuta. Malori ya mafuta hupita Busia na Malaba kuelekea bara. Petroli huuzwa katika chupa kando ya njia. Madumu hupakiwa juu ya baiskeli na pikipiki bei inapotofautiana kati ya upande mmoja na mwingine.

Hapo ndipo hatari ilipo. Pua ya mwanadamu huzoea. Mtu akikaa na harufu dakika chache tu, pua huacha kumpa habari. Dereva anayeshinda ndani ya Kombi yake, katika mji ambao harufu ya petroli ni kitu cha kila siku, ndiye wa mwisho kujua kwamba gari lake linavuja. Wa kwanza kujua ni yule anayetoka nje: mke aliyekuwa shambani, mtoto atokaye shule, au mgeni anayefungua mlango.

Chukulia askari mmoja wa Tororo ambaye asubuhi anawaita watoto wapande gari. Mkewe anafungua mlango wa pembeni, anasita, anasema, "Baba watoto, leo hawa hawapandi. Humu mnanuka petroli." Mume anajibu, "Mama watoto, hili gari ni la zamani, ndivyo lilivyo." Katika mazungumzo hayo mwenye haki ni mke. Gari la zamani halikuumbwa linuke. Lilipotoka kiwandani halikunuka, na likitunzwa vizuri halinuki hata leo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya nyumbani ni hii: anayetoka nje akisema gari linanuka, gari lisiwashwe mpaka litazamwe.

Kabla ya kuligusa gari

Petroli yenyewe haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake. Nao hutoka hata kwenye baridi kali ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse katika jua la Busia. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kiasi cha mara tatu hadi nne. Haupai juu kama moshi. Hushuka, hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, na huweza kuifikia sigiri ya jirani iliyo hatua kadhaa mbali, kisha moto ukarudi kwa njia ile ile. Kwa sababu hiyo, yafuatayo yatangulie kila kazi:

Gari lisukumwe kwa mikono mpaka mahali pa wazi, mbali na jiko, mbali na nyumba na mbali na watoto. Injini iachwe ipoe kabisa. Waya hasi wa betri ufunguliwe. Kazi ifanywe mchana. Ikiwa hapana budi kutazama mahali penye giza, itumike tochi iliyowashwa mbali na gari, kamwe si kiberiti wala kibatari. Kizimamoto cha unga kiwe karibu, pamoja na ndoo ya mchanga. Na petroli isivutwe kwa mdomo kwa mpira: tone dogo likiingia mapafuni laweza kumlaza mtu hospitali.

Harufu huja saa ngapi?

Fundi mzuri, kama tabibu mzuri, huuliza kabla ya kupapasa. Swali lenye faida kubwa ni moja: harufu huja wakati gani?

Ikija baada ya kujaza tangi tu, kisha ikapungua tangi linapofika nusu, kosa haliko kwenye kabureta hata kidogo. Liko juu ya tangi. Tangi la Kombi limekaa mbele ya injini, nyuma ya ukuta wa bati. Mdomo wake wa kujazia umeunganishwa kwa mpira mnene, na kuna mipira myembamba ya kupumulia. Mipira hiyo ikikauka hupasuka, na petroli iliyojaa pomoni humwagika gari linapopinda kona. Pale juu pia pana kifaa cha geji ya mafuta, chenye gasiketi yake ambayo huzeeka. Jaribio lake ni rahisi: kwa wiki moja tangi lisizidi nusu. Harufu ikitoweka, chanzo kimejulikana. Kukitengeneza ni kazi kubwa kidogo, kwa sababu mara nyingi injini hushushwa ili tangi lifikiwe.

Ikiwapo asubuhi kabla gari halijawashwa, na chini pana alama ya unyevu, basi petroli inatoka mahali penye mpira, kibano au pampu. Usiku utandazwe ubao au karatasi safi chini ya injini. Asubuhi itaonyesha tone limeanguka upande gani. Petroli hukauka upesi, lakini huacha doa la rangi ya chai mahali inapopitia mara kwa mara. Kila mpira ukunjwe kwa vidole: ukionyesha nyufa, ukiwa mgumu kama kijiti au laini kama ulezi uliolowa, utupwe. Wala usibadilishwe huo mmoja tu. Mipira yote ni ya umri mmoja. Ukioza mmoja, mingine iko njiani. Iwekwe mipya iliyotengenezwa kwa ajili ya petroli, pamoja na vibano vipya. Mpira wa maji si mpira wa mafuta, na ule wa plastiki nyeupe uuzwao kwa bei ya chini hugeuka mgumu kwa joto la injini, kisha huchomoka wenyewe.

Mahali pamoja hapana budi patazamwe kwa makini zaidi ya pengine pote. Ni kile kijibomba cha shaba ambacho mpira wa mafuta huingizwa ili petroli iingie ndani ya kabureta. Katika kabureta nyingi za zamani kijibomba hicho kimesukumwa tu ndani ya mwili wa kabureta. Hakikufungwa kwa skrubu. Kwa miaka mingi ya joto na mtikisiko hulegea. Siku moja hutoka pamoja na mpira wake, na pampu inaendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto. Kombi na Kobe wengi wameungua kwa sababu hiyo moja. Kijibomba kishikwe kwa vidole na kuzungushwa polepole: kikicheza, kabureta ishushwe, ikatengenezwe na fundi mwenye vifaa, na gari lisiende popote mpaka hapo.

Ikija gari linapozimwa likiwa la moto, yafaa kutazama ndani ya kabureta. Injini izimwe, chujio la hewa litolewe, na baada ya dakika kumi mwanga wa tochi uelekezwe kwenye koo la kila kabureta. Koo linatakiwa kuwa kavu. Petroli ikidondoka humo, sindano ya floti haizibi, au floti yenyewe imetoboka na kuzama. Sindano huzuiwa na uchafu mdogo kama chembe ya chumvi. Isafishwe; ikiwa ncha yake imefanya pete ya kulika, iwekwe mpya.

Ikija ndani ya gari pale dereva anapofungua joto, kama vile akipita Timboroa alfajiri, ajue kwamba feni ya injini huvuta hewa kutoka chumba cha injini na sehemu ya hewa hiyo hupelekwa kwa abiria. Chochote kinachovuja kule nyuma hufika puani mwa watoto. Na ikiwa harufu yenyewe ni ya moshi na si ya petroli mbichi, jambo ni zito zaidi. Ndani ya moshi mna hewa ya sumu, kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hulaza watu usingizi wasiamke. Moshi unaonuka ni tarishi wa sumu isiyonuka. Bomba la moshi, maboksi ya joto na mpira wa mlango wa nyuma vikaguliwe, na gari lisingurume ndani ya banda lililofungwa.

Mwisho, kijiti cha kupimia oili kinuswe. Oili ikinuka petroli, au ikiwa imepanda juu ya alama ilhali hakuna aliyeiongeza, petroli inaingia ndani ya injini, ama kwa utando wa pampu uliochanika ama kwa sindano isiyoziba. Injini isiwashwe. Oili iliyochanganyika na petroli haina nguvu ya kulainisha, na mvuke wake waweza kulipuka ndani ya injini. Kosa lirekebishwe, oili imwagwe, na mpya itiwe.

Petroli yenyewe

Iko harufu ambayo haitokani na kosa la gari bali na kosa la mfanyabiashara. Mafuta ya taa yakiwa ya bei nafuu kuliko petroli, wako wanaoyachanganya. Uovu huo ulifikia kiasi cha kuifanya Serikali ya Kenya, mwezi wa Septemba 2018, kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Gari lililonyweshwa mchanganyiko huo hutoa harufu nzito ya kibatari kutoka bomba la moshi, huwaka kwa shida asubuhi, hugonga likipanda mlima, na plagi zote nne huwa nyeusi. Zingatia neno "zote nne": uchafu wa tangi hauchagui upande.

Madumu nayo yana hatari yake. Dumu lililowahi kuwa na mafuta ya kupikia huacha utando unaoganda ndani ya jeti za kabureta. Chujio dogo liwekwe kati ya tangi na pampu, si juu ya injini, na libadilishwe mara kwa mara. Petroli iliyochanganywa na spiriti ya miwa, kama ile iliyowahi kuuzwa Kenya katika miaka ya 1980 kwa spiriti itokayo Muhoroni, hulegeza mipira ya zamani. Hiyo ni sababu nyingine ya kuweka mipira ya kisasa. Na dumu la petroli halikai ndani ya nyumba ya kulala, wala chini ya kitanda, hata kwa usiku mmoja.

Mwinuko wa nchi

Gari lililorekebishwa Mombasa halitakuwa sawa Tororo. Tororo na Busia ziko yapata mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi kidogo ya sehemu moja katika kumi. Kabureta haijui hilo. Inatoa petroli karibu kiasi kile kile huku hewa ikiwa pungufu. Matokeo yake ni petroli kuzidi, moshi mweusi kidogo, na harufu nyuma ya gari. Kwa hiyo gari lililoletwa kutoka pwani lirekebishwe upya mahali litakapofanyia kazi. Anayevuka Timboroa, ambako barabara hupita juu ya mita 2,600, asishangae injini ikikosa nguvu kwa saa moja. Wala asizungushe skrubu kule mlimani, maana akishuka Kisumu mchanganyiko utakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu huunguza vali.

Kurekebisha kabureta mbili

Sasa gari halinuki tena, mipira ni mipya, koo za kabureta ni kavu. Ndipo bisibisi ishikwe. Lakini kabureta ni za mwisho katika foleni. Vali zipimwe injini ikiwa baridi. Pointi ziwe na nafasi ya milimita 0.4 na plagi milimita 0.7. Taiming iwekwe kama kitabu cha gari hilo kinavyosema. Anayeruka hatua hizi atatumia kabureta kuficha makosa ya umeme, na injini itampa jibu barabarani.

Kisha injini iwashwe ipate joto lake la kawaida, na choki zote mbili zitazamwe. Choki za kabureta hizi hujifungua zenyewe kwa waya wa umeme. Waya mmoja ukiwa umechomoka, choki moja hubaki imefungwa, na upande huo wa injini hunywa petroli kupita kiasi siku nzima. Mafundi wengi wamesumbuka mchana kutwa kwa ajili ya waya mmoja wa namna hiyo. Vali ndogo za umeme zilizo pembeni mwa kabureta nazo zisikilizwe: swichi ikifunguliwa, kila moja inatakiwa itoe mlio mdogo wa "tik". Isiyotoa mlio ama haina umeme ama imekufa.

Baada ya hapo kazi iende kwa mpangilio huu.

Kwanza, fito inayounganisha kabureta mbili iondolewe upande mmoja, ili kila kabureta isimame peke yake. Zikiwa zimeunganishwa, moja huvuta nyingine na kipimo huwa cha uongo.

Pili, upepo unaoingia kila kabureta ulinganishwe. Kipo kifaa cha kupimia, lakini asiye nacho atumie kipande cha mpira chenye urefu wa nusu mita. Ncha moja iwekwe sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta, mahali pale pale kwa zote mbili. Itasikika sauti ya upepo kama ya nyoka. Yenye sauti kubwa imefunguka zaidi. Skrubu ya kusimamishia kipepeo irekebishwe kidogo kidogo mpaka sauti mbili ziwe moja, na injini izunguke mara 850 hadi 950 kwa dakika gari likiwa limesimama.

Tatu, skrubu za mchanganyiko. Kila moja ifungwe taratibu mpaka iguse mwisho, isikazwe, maana ncha yake huharibika na kabureta huwa si kitu tena. Kisha ifunguliwe mizunguko miwili. Injini ikinguruma, skrubu ya upande mmoja ifungwe polepole mpaka injini ianze kuyumba, halafu ifunguliwe mpaka itulie na kuzunguka vizuri kabisa. Upande wa pili ufanyiwe vivyo hivyo. Kisha irudiwe ya kwanza, kwa kuwa kila upande huathiri mwenzake.

Nne, upepo ulinganishwe tena. Ukiwa umebadilika, hatua ya pili na ya tatu zirudiwe. Haraka haraka haina baraka. Kazi hii huchukua saa nzima kwa fundi mwenye uzoefu.

Tano, fito irudishwe. Urefu wake urekebishwe ili iingie mahali pake yenyewe, bila kusukuma kabureta yoyote. Akseleta ikanyagwe kidogo mpaka mizunguko ifike kama 2,000, na upepo usikilizwe mara ya mwisho. Zikilingana hapo pia, kazi imekamilika.

Katika injini nyingi za 1700 na zilizofuata, kabureta ya kushoto ina njia ya pamoja inayolisha pande zote mbili gari likiwa limesimama. Kwa magari hayo mwendo wa injini hukamilishwa kwa skrubu za njia hiyo, na skrubu za vipepeo haziguswi tena baada ya kulinganishwa. Injini ikikataa kutulia licha ya kazi yote, yatazamwe mabomba madogo ya upepo yanayounganisha pande mbili na ule wa breki: ufa mmoja huingiza hewa ya wizi, na hapana skrubu iwezayo kuushinda wizi huo.

Ushahidi wa plagi

Baada ya mwendo wa kama kilomita 30, kwa mfano kutoka Busia kwenda Tororo, plagi zitolewe zikaguliwe. Rangi ya hudhurungi iliyopauka ni habari njema. Nyeusi yenye masizi ni petroli iliyozidi. Nyeupe kama chokaa ni petroli iliyopungua, na kwa injini inayopozwa kwa hewa hiyo ni mbaya kuliko nyeusi, kwa sababu huzidisha joto hadi vali kuungua.

Hapa ndipo ule mgawanyo wa silinda unapofaa. Plagi namba 1 na 2 zikiwa nyeusi na 3 na 4 zikiwa nzuri, kosa liko kabureta ya kulia. Zikiwa nyeusi 3 na 4, kosa liko kushoto. Zikiwa nyeusi zote, itazamwe petroli, chujio la hewa, au marekebisho ya nchi ya chini. Ikiwa moja tu ndiyo nyeusi, kabureta haina hatia. Itazamwe plagi hiyo, waya wake na vali zake. Mwenye gari akiyajua haya manne, hapana fundi atakayemuuzia kabureta asiyoihitaji.

Moto ukitokea

Gari lisimamishwe, swichi ifungwe, na watu wote washuke upande usio na magari yapitayo, waende mbali. Hakuna mzigo unaostahili kurudiwa. Kifuniko cha injini kisifunguliwe wazi, maana hewa hulisha moto. Kifunguliwe nafasi ndogo tu na unga wa kizimamoto upulizwe humo. Maji yasitumike: petroli huelea juu ya maji na kusambaza moto, na mwili wa injini za 1600 umetengenezwa kwa magnesi, madini ambayo yakishawaka huzidi ukali kwa kumwagiwa maji. Moto ukikataa kuzimika kwa kizimamoto kimoja, uachwe, na watu wazuiwe wasisogee.

Kuzuia watu ni kazi ya askari, na si kazi ndogo. Mwezi wa Julai 2021 huko Malanga, katika Kaunti ya Siaya, kwenye barabara kuu ya Kisumu kwenda Busia, lori la petroli lilipata ajali. Watu wakaenda na madumu kuchota mafuta yaliyomwagika, mvuke ukashika moto, na watu wasiopungua 13 wakafa. Wale hawakuwa wageni wa petroli. Walikuwa wakazi wa barabara ile ile, waliokwisha kuizoea harufu.

Kwa hiyo kila mwenye Kombi, awe kambini, katika nyumba za polisi au mtaani, inampasa ajiwekee siku moja ya kila mwezi ya kunusa gari lake. Gari likae limefungwa usiku kucha, na asubuhi mlango ufunguliwe na mtu mwingine wa nyumbani ambaye si dereva. Mtu huyo akisema linanuka, asibishiwe. Itafutwe harufu, izibwe, na bisibisi ingoje zamu yake.